Siku Niliyotoka Barabarani

Kazi yangu kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa kusimama. Mtu akiniuliza nilijifunza nini, namwambia nilijifunza kusimama, na siku moja nilishindwa na hiyo pia. Ninyi vijana wa idara ya barabara mmepata madaraja, mnapita juu ya mto kama ndege, ndiyo maana mkaniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya kazi ya drifti. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa analala kuliko sisi, kwa hivyo mkiona maneno yamekwenda upande msicheke sana.

Drifti ni barabara ya simiti iliyolazwa juu ya mchanga wa mto, basi. Haina nguzo, haina ukuta. Mito yetu ya Ukambani mnaijua. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, watu wanachimba visima humo ndani, ng'ombe wanalala, mafundi wanachota mchanga wa kujenga. Halafu mvua inanyesha vilimani, mbali, mahali usipopaona. Wewe una jua kichwani na vumbi puani, na maji yako njiani yanakuja. Kazi ya mlinzi wa drifti ilikuwa kumwambia mtu mwenye kiu asivuke mto mkavu kwa sababu ya maji.

Nilianza Kasikeu, miaka michache baada ya uhuru. Nilipewa koti la mvua refu kuliko mimi, filimbi, na bendera nyekundu. Bendera ya kwanza ililiwa na mbuzi wiki ya pili. Ya pili nilishonewa Makindu na fundi mmoja wa kando ya reli, akanitilia pindo la nyuzi mbili, nikala chakula kwenye hekalu la Makalasinga pale, wali na dengu, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Bendera hiyo nilikaa nayo mpaka nikastaafu. Lakini nimeruka, turudi Kasikeu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa mzee Musembi, mtu wa maneno machache na meno machache. Siku yangu ya kwanza aliniambia nilale kifudifudi juu ya simiti, niweke sikio.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Hiyo ndiyo sauti ya mto salama. Ikariri."

Nililala pale kila asubuhi kama mjinga, wapita njia wakiniuliza kama nimekunywa. Halafu siku moja ya jua kali, saa nane mchana, nikaweka sikio nikasikia kitu kama lori linapanda mlima, lakini chini ya ardhi. Nikainua kichwa. Hakuna kitu. Mchanga mweupe mpaka kwenye kona. Ndege waliokuwa kwenye migunga walikuwa wamenyamaza, na mimi sikuwa nimeona walinyamaza saa ngapi. Upepo baridi ukatokea kwenye kona ya mto, baridi ya asubuhi, katikati ya joto lile, ukaleta harufu ya udongo wa mahali pengine. Nikauliza, "Mzee, ni maji?" Akanyoosha kidole.

Kwenye kona ulikuwa umetokea mti. Mti mzima, umesimama wima na majani yake, unakuja. Haukuanguka, haukuyumba. Ulikuja katikati ya mto polepole, mwendo wa mzee anayekwenda kanisani, na chini yake kulikuwa na povu la rangi ya chai linalosukuma vijiti na mavi ya ng'ombe, likilia kama nyoka. Nyuma ya povu ndipo maji yenyewe. Mti ule ulipita mbele yetu umesimama hivyo hivyo, ukaenda. Musembi akasema, "Sasa umemwona mwenye mto. Wengine watakuuliza yukoje. Usiwaambie, hawataamini."

Alinifundisha jambo moja lingine, na hilo ndilo lililonila. Alisema, "Mtu hasomi bendera. Anakusoma wewe. Ukikaa chini, hatari imekaa. Ukienda kukojoa, hatari imeenda kukojoa. Bendera ikiwa juu, simama katikati ya barabara kama mlingoti, hata nyuki wakija."

Nikaja kuona ni kweli. Watu wa drifti walikuwa wale wale kila siku: makarani, walimu, wanawake wa sokoni, matarishi, wafagiaji wa hospitali, wote wanalala ng'ambo moja na kula ng'ambo nyingine. Asubuhi bendera ikiwa juu walinitii kama watoto wa Sunday school. Mto ukijaa asubuhi ni likizo, na mkubwa wa ofisi hawezi kugombana na mto. Jioni ilikuwa habari nyingine. Jioni mtu ana njaa, ana mtoto, ana ng'ombe hajafungiwa, na nyumba yake anaiona pale juu ikitoa moshi. Jioni kila mtu alikuwa na macho mazuri ya kuona mchanga mkavu. Wawili wa kwanza wakisimama, ishirini watasimama. Mmoja akivuka, wote wanavuka, hata yule aliyekuwa anaomba Mungu.

Redio nayo ilikuwa inatangaza, mvua kubwa yatazamiwa baadhi ya sehemu za nchi. Baadhi ni wapi? Kila niliyemuuliza aliniambia baadhi ni kwa wengine.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishwa Kitui, kwenye drifti moja kati ya Matinyani na mjini. Jina la mto sitaliandika, kwa sababu ya ndugu za mtu mmoja nitakayemtaja. Pale palikuwa na kibanda cha mabati na simu ya kuzungusha mkono, na karani wa kituo cha juu alikuwa ananipigia maji yakipita kwake. Asubuhi nilisimama ng'ambo ya Matinyani, mchana navuka, jioni nasimama ng'ambo ya mjini.

Ofisa aliyenihamisha hakuwa Mkamba. Alikuwa mtu mzuri. Aliona kwenye karatasi zangu kwamba mke wangu Mwende kwao ni Matinyani, akatabasamu, akasema, "Nimekupeleka karibu na wakwe, mzee. Utakula vizuri." Nikasema asante. Ningesema nini? Utamwelezaje mtu wa mbali habari ya nthoni?

Vijana wa leo mnasalimiana na mama mkwe kwa mkono, wengine mnapanda naye gari moja. Sisi hapana. Nthoni ilikuwa heshima yenye meno. Mama yake mkeo hamkutani uso kwa uso. Ukimwona njiani, unatoka njiani, unaingia kichakani, unageuza uso mpaka apite, naye anafunika kichwa anatazama upande. Jina lake halitoki kinywani mwako. Hata sisi tuliookoka, mchungaji alisema mambo hayo ni ya zamani, lakini mchungaji mwenyewe nilimwona akirukia shamba la mahindi.

Na mama mkwe wangu alikuwa anauza mtama na kunde soko la Kitui. Alivuka drifti yangu asubuhi na jioni, siku zote isipokuwa Jumapili.

Siku za kawaida haikuwa shida. Namwona kwa mbali na kiondo chake, naingia nyuma ya minyaa iliyokuwa kando ya barabara, anapita, natoka. Watu walizoea. Karani mmoja wa mjini, Mutisya, ndiye aliyekuwa akinichokoza. Kijana nadhifu sana, anavua viatu kabla ya kuvuka ili mchanga usivikwaruze, anavifunga kamba na kuvitundika shingoni.

"Mlinzi, umefichwa na nani tena?"

"Nenda zako."

"Serikali imekuajiri kuogopa maji, wewe unaogopa mwanamke wa kunde!"

Watu wanacheka, na mimi nacheka huko huko kwenye minyaa. Nilimpenda Mutisya. Akikosa kunichokoza siku moja nilidhani ni mgonjwa.

Mwaka huo mvua ya vuli ilianza vibaya. Mara tatu nilipandisha bendera jioni na maji hayakufika, yalinywewa na mchanga huko juu. Mara tatu watu walikaa kwenye nyasi mpaka wakachoka, wakavuka wakinitukana. Mara ya nne simu ililia saa tisa na nusu. Karani wa juu akasema, "Imepita hapa. Sijawahi kuona kama hii. Hesabu masaa mawili." Sauti yake haikuwa ya mzaha. Nikavuka, nikapandisha bendera, nikasimama katikati ya barabara ng'ambo ya mjini.

Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Saa kumi na moja watu wakaanza kufika. Mutisya alikuwa wa kwanza.

"Mlinzi, mto wako uko wapi ninywe?"

"Leo ni kweli, Mutisya. Kaa."

"Juzi ilikuwa kweli. Na Jumatatu."

"Leo karani ameogopa. Nimemsikia."

Akanitazama vizuri. Nafikiri aliona uso wangu, kwa sababu hakunijibu kwa mzaha. Akakaa kwenye jiwe, akaanza kuvua viatu pole pole kama mtu ambaye hajaamua. Alipokaa, na wengine wakakaa. Walifika kama kumi na tano. Wanawake wakatua mizigo. Hakuna aliyevuka, na moyoni nikasema Musembi angeniona leo.

Halafu nikaona ndege wamenyamaza.

Nikainua macho kutazama kona ya mto, na badala ya kona nikaona kiondo. Alikuwa anakuja barabarani, hatua kama hamsini, amefunika kichwa, anatembea haraka kwa sababu amechelewa. Mama mkwe wangu.

Nitawaambieni kweli, kwa sababu ripoti haikusema. Sikufikiri. Mtu akikutupia jiwe, unafumba macho kabla hujaamua kufumba. Miguu yangu ilinitoa barabarani. Nilijikuta nyuma ya minyaa, nimegeuza uso, bendera nimeikumbatia kifuani kama mtoto, nikijiambia, atapita kidogo tu, atakaa na wengine, nitatoka.

Nikasikia mtu akisema, "Mlinzi ameondoka."

Mwingine akasema, "Ameshusha bendera."

"Basi twendeni."

Nikasikia mizigo ikiinuliwa. Nikasikia miguu kwenye simiti, mingi. Na ile harufu ya udongo wa mahali pengine ikanifikia pale pale nyuma ya minyaa, na baridi.

Nilitoka nikipiga kelele, "Maji! Rudini, maji!" Walikuwa wameshaingia. Drifti ile ilikuwa hatua mia moja na zaidi, nao walikuwa karibu katikati, mama mkwe mbele yao kwa sababu ya haraka. Waligeuka wakanitazama kama mnavyomtazama mlevi. Mtu mmoja akauliza, "Maji gani? Si umetoka?" Nilipiga filimbi. Hawakusogea mbele wala nyuma. Walisimama mle ndani ya mto kunibishia.

Nilitazama kona. Palikuwa na mti umesimama.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo Mkamba hafanyi. Niliteremka kwenye drifti nikakimbia moja kwa moja kumwelekea mama mkwe wangu, bendera mkononi, nikamwita kwa jina lake. Jina lenyewe hata leo siliandiki. Aligeuka, akaniona mimi, uso kwa uso, nakuja, namwita. Alipiga ukelele ambao sitausahau. Akatupa kiondo, akakimbia kuelekea ng'ambo ya Matinyani kama msichana.

"Ngai! Anamfukuza mama mkwe!"

"Ameshikwa na wazimu! Mshikeni!"

Na wote wakakimbia. Wanawake walikimbia kumwokoa, wanaume walikimbia kunishika mimi. Filimbi haikuwakimbiza, bendera haikuwakimbiza, mti unaotembea hawakuuona, lakini aibu ile iliwakimbiza kumi na tano mpaka ukingoni. Nilishikwa koti nikiwa tayari juu ya nyasi, nikaangushwa, mtu akanikalia mgongoni. Hapo ndipo sauti ilipofika.

Mutisya hakukimbia. Nilimwona kwa kichwa changu kilichobanwa chini. Alikuwa amesimama katikati ya drifti, viatu shingoni, mikono kwenye magoti, anacheka. Anacheka mpaka hawezi kupumua. Jambo lile lilikuwa limemfurahisha kuliko mambo yote niliyowahi kumpa. Aliinua uso uliojaa machozi ya kicheko, akaninyooshea kidole aseme kitu, na mti ukapita kati yake na mimi.

Mti ulipopita hakukuwa na mtu pale.

Tulikaa ukingoni. Hakuna aliyelia bado, kulikuwa na sauti ya maji tu, na mimi nilikuwa nasikia kicheko ndani ya sauti ile. Niliwatazama wenzangu nione kama nao wanasikia, nikaona wote wametazama chini. Mama mkwe alikuwa hatua tano kutoka kwangu, amenipa mgongo, leso kichwani. Alizungumza na mama aliyekuwa kando yake, muuza nyanya, kwa sauti ambayo mimi naisikia vizuri.

"Muulize huyo mtu alikuwa ananifukuzia nini."

Muuza nyanya akanigeukia. "Anauliza ulikuwa unamfukuzia nini."

"Mwambie maji."

"Anasema maji."

"Muulize, alipoingia kwenye minyaa, alikuwa anajua yanakuja?"

Muuza nyanya hakutaka kuniuliza hilo. Alinitazama tu. Ningeweza kusema masaa mawili ya karani yalikuwa hayajaisha. Ningeweza kusema mara tatu hayakuja. Nikasema, "Mwambie nilikuwa najua."

Mama mkwe akageuka, akafunua kichwa, akanitazama machoni. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa macho ya Mwende.

"Basi wewe ndiye uliyetuambia tuvuke," akasema.

Mutisya alipatikana siku ya tatu, mbali sana. Ofisa alikuja na kitabu, akaandika kwamba maji yalikuja kwa ghafla baada ya onyo kutolewa, akaniuliza kama ni hivyo. Nikasema ni hivyo. Mimi nilikwenda kwa baba yake Mutisya nikamweleza kweli, mbele ya ndugu zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Alikuwa anacheka?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nenda, bwana." Hajaniita tena, nami sijapita tena mlangoni kwake.

Kwa mama mkwe nilipeleka mbuzi, kama desturi inavyotaka ukivunja nthoni. Mbuzi alirudishwa. Nilimkuta asubuhi amefungwa kwenye kibanda changu. Nikapeleka mwingine mkubwa, naye akarudishwa. Mwende alikwenda kwao kuuliza mama anataka nini, akarudi bila jibu, na kwa muda hata yeye alinipakulia chakula bila kunitazama. Sokoni mama mkwe hakuonekana mwezi mzima.

Halafu simu ikalia tena, alasiri kama ile, anga safi kama lile. Nikapandisha bendera. Watu wakaja, wachache kuliko zamani, na niliona wananitazama miguu. Kijana mmoja mgeni, mfanyakazi wa duka la mjini, akasema mchanga ni mkavu, yeye anavuka, na wawili wakainuka nyuma yake.

Na kiondo kikatokea barabarani.

Kila mtu alikiona. Miguu yangu iliniambia toka, naapa niliisikia, nikaikaza mpaka ikauma. Alikuja moja kwa moja. Hakufunika kichwa. Alifika mbele yangu, karibu kama ninyi mnavyokaa na karatasi hii, akatua kiondo katikati ya barabara, akakaa chini kando ya miguu yangu.

Yule kijana mgeni hakuelewa, lakini waliokuwa wameinuka nyuma yake walikaa. Muuza nyanya akashika mdomo.

"Mama," akasema kwa woga, "unakaa na mkwe wako barabarani?"

Mama mkwe alikuwa anapanga kunde zake ndani ya kiondo. Hakuinua macho.

"Mkwe wangu alikufa maji siku ile," akasema. "Huyu ni mwenye bendera."

Hakuwa anatania. Kutoka siku hiyo mpaka alipozikwa sikuhesabiwa kwao. Harusi za shemeji zangu zilipita, matanga yakapita, Mwende akienda peke yake kama mjane na kurudi kwangu jioni. Lakini kila bendera ilipokuwa juu, mwanamke yule alikuja akakaa kwenye miguu yangu, na watu waliogopa kumpita kuliko walivyowahi kuogopa mto.

Jioni ile kijana mgeni alimtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi taratibu akakaa na wenzake. Ndege walikuwa wamenyamaza. Upepo wa baridi ukatokea kwenye kona. Mimi marehemu nikasimama katikati ya barabara, bendera mkononi, na hakuna aliyevuka.